Bendera na Uzi

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, taa za Uwanja wa Taifa mjini Dar es Salaam zilizimwa. Gizani bendera ya Mwingereza ikateremshwa, na taa zilipowaka tena, ya kijani, nyeusi na dhahabu ilikuwa juu ya mlingoti. Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alikuwapo kukabidhi. Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikuwapo kupokea. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro, na asubuhi nchi ilikuwa na jina lake yenyewe: Tanganyika huru.

Nikitazama picha za siku zile, macho yangu hayakai sana kwa wakubwa waliovaa suti. Huenda kwa umati. Naona kina mama waliojitanda khanga, wazee wa kanzu, vijana wa mashati meupe yaliyopigwa pasi. Khanga zilizouzwa madukani miaka hiyo zilichapwa Ulaya, India na Japan. Mashati nayo yalishonwa kwa vitambaa vya ng'ambo. Na wakati watu wanapiga vigelegele kwa nguo za wenzao, kwenye maghala ya Mwanza marobota ya pamba yetu yalikuwa yakingoja treni na meli.

Safari ya viwanda vyetu tangu Uhuru inaweza kusimuliwa kwa mkonge, saruji au sukari. Mimi nimeshika uzi wa pamba, kwa sababu ndiyo iliyotuweka njia panda mara nyingi kuliko zao jingine. Ilipiganiwa kabla ya Uhuru, iliujenga Uhuru, na baada ya Uhuru ikatuonyesha ni umbali gani uliobaki.

Merikani na shamba la jumbe, hadi 1907

Babu zetu hawakungoja mgeni ili wajue kufuma. Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa walilima pamba, wakaisokota kwa mkono na kuifuma kwenye vitanda vya mfumi wakapata vitambaa vizito vya kujifunga. Unyamwezi pia kulikuwa na wafumaji. Ilikuwa kazi ya siku nyingi kwa nguo moja, na nguo hiyo ilidumu.

Kuanzia miaka ya 1830 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilianza kushusha Unguja kitambaa kigumu kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani, na jina limebaki kwenye lugha hadi leo. Merikani haikuwa nguo tu. Ilikuwa fedha. Misafara ya bara ililipia chakula na hongo za watemi kwa mikono ya kitambaa hicho, na hata wapagazi walilipwa nacho. Mfumaji wa Rukwa angeshindanaje na mashine zilizokuwa zikifuma mchana na usiku ng'ambo ya bahari? Vitanda vya mfumi vikaanza kuachwa, kijiji baada ya kijiji, na ufundi ukabaki kwa wachache.

Wajerumani walipoishika nchi walitaka pamba kwa ajili ya viwanda vyao, ili wasitegemee ya Marekani. Gavana Götzen akaamuru kusini kuanzishwe mashamba ya pamba ya pamoja. Kila jumbe alipaswa kuwa na shamba, na watu wake walipaswa kulilima, wakaacha mashamba yao ya chakula msimu ambao kila mkono ulihitajika nyumbani. Malipo yalikuwa kiduchu, na viboko vilikuwa vingi.

Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliingia shambani wakang'oa pamba. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunaposimulia vita ya Maji Maji tunaanza na dawa ya Kinjekitile wa Ngarambe, tukaishia kwenye bunduki. Tendo la kwanza la vita ile lilikuwa kung'oa miche. Lilikuwa neno la wakulima juu ya zao lisilokuwa na faida kwao. Vita ilienea kusini nzima, ikaisha 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, walikuwa makumi ya maelfu. Pamba yetu ya biashara ilianza namna hiyo.

Ukiriguru, mizani na ushirika, 1920 hadi 1961

Waingereza walibadilisha mbinu wakabaki na shabaha ileile. Tanganyika ilipaswa kutoa mali ghafi, na bidhaa zilipaswa kutoka Uingereza, au baadaye Nairobi, ambako walowezi na makampuni walikuwa wamepiga kambi. Miaka ya 1930 Tanga ilipata kiwanda cha kusokota kamba za mkonge. Zao lilikuwa hapohapo mlangoni, kwa hiyo kamba zake zilikuwa rahisi, zikaanza kuuzwa Uingereza. Watengenezaji kamba wa huko wakalalamika kwa serikali yao, na kiwanda kikafungwa. Mkonge ukaendelea kusafiri kama nyuzi tupu. Kila ninaposoma habari hii hasira hunipanda upya, maana inajibu swali ambalo vijana hutuuliza: kwa nini hamkuwa na viwanda? Palipokuwa na kimoja kilichoweza kushindana, kilinyimwa pumzi.

Kwa pamba, hatua pekee iliyoruhusiwa kufanyika huku ilikuwa kuchambua: kutenganisha mbegu na nyuzi, kisha kuzibana marobota. Reli ilifika Mwanza 1928, na robota likaanza safari yake ndefu kwa treni hadi Dar es Salaam, au kwa meli kuvuka ziwa hadi Kisumu na kwa treni tena hadi Mombasa.

Hata hivyo, Kanda ya Ziwa zao lilishika. Hapa sifa ni ya watu wawili, mtafiti na mkulima. Kituo cha Ukiriguru, nje kidogo ya mji wa Mwanza, kilizalisha mbegu zilizostahimili wadudu na mvua za Usukuma. Mbegu hizo zinaitwa UK hadi leo, na wengi hudhani maana yake ni Uingereza. Maana yake ni Ukiriguru. Mkulima wa Kisukuma kwa upande wake alifungua mashamba mapya kila mwaka, akalima kwa jembe la mkono na baadaye kwa maksai, bila kuamriwa na jumbe yeyote.

Kilichomuudhi kilikuwa mizani. Mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma, ndiye aliyetaja ratili, na mkulima asiyejua kusoma alipokea alichopewa. Manung'uniko hayo yalizaa vyama. Wakulima waliweka watu wao wapime upya mizigo kando ya mizani ya mnunuzi, kisha wakaona wanaweza kununua wenyewe, kisha wakaona wanaweza kumiliki vinu vya kuchambulia. Paul Bomani, kijana aliyekuwa akizunguka vijiji vya ziwa akihamasisha, aliwaunganisha. Mwaka 1955 vyama vile vikawa shirikisho moja, Victoria Federation, na kufikia Uhuru zao la pamba la kanda nzima lilikuwa likipita mikononi mwake. Ulikuwa ushirika mkubwa wa Waafrika, wenye ofisi, maghala, magari na vinu vyake.

Mimi nauona Uhuru wetu ukianzia pale kwenye mizani. Mtu aliyejifunza kwamba anaweza kusoma mshale wa mizani na kumwambia mnunuzi "hapana", hakuhitaji hotuba ndefu ili aelewe chama cha TANU kinasema nini. Si ajabu Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Kungoja kiwanda, 1961 hadi 1968

Mwalimu alizoea kutaja hesabu iliyowaduwaza wageni: nchi ilipata Uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Viwanda vyote kwa pamoja havikufikia asilimia 5 ya pato la taifa. Vilikuwapo vya bia, sigara, sabuni, unga, sukari na vya kuchambua mazao kwa ajili ya meli. Kiwanda kikubwa kinachopokea robota la pamba mlango huu na kutoa khanga mlango ule hakikuwapo.

Mpango wa kwanza wa serikali, ulioandikwa kwa kufuata ushauri wa Benki ya Dunia, ulitegemea wawekezaji wa nje waje wenyewe. Hawakuja kwa wingi. Soko la Afrika Mashariki lilikuwa moja, fedha ilikuwa moja, na mwenye mtaji alipotazama ramani alichagua Nairobi, kwenye benki, barabara na viwanda vingine vilivyotangulia. Mwaka 1964 mawaziri walikutana Kampala wakakubaliana kugawana viwanda. Kwenye karatasi Tanganyika ilipata vyake, lakini makubaliano hayo hayakutekelezwa yote. Juni 1966 Tanzania, ambayo tangu Aprili 26, 1964 ilikuwa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ilianza kutumia shilingi yake na benki kuu yake.

Mwaka wa kugeuka ulikuwa 1965. Tulikosana na Ujerumani Magharibi kwa sababu ya ofisi ya Ujerumani Mashariki Zanzibar, na Desemba tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Misaada iliyotarajiwa ikakauka. Mwezi Februari mwaka huohuo Mwalimu alikuwa amekwenda China, na Juni Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Katika mazungumzo ya ziara hizo mbili ndimo lilimochipuka wazo la China kujenga reli ya kwenda Zambia, na ndimo lilimopata nguvu jambo ambalo kwa mwanamke wa kijijini lilikuwa na uzito zaidi kuliko reli: kiwanda cha nguo.

Kikajengwa Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa mkopo usio na riba. Februari 5, 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, benki zikataifishwa kesho yake, na viwanda vikubwa vikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Julai 1968 Mwalimu akafungua kiwanda cha Urafiki.

Zamu tatu, 1968 hadi 1974

Nina doti moja ya khanga aliyoniachia bibi yangu. Ukingo wake una jina la Urafiki kwa herufi ndogo. Rangi ya chungwa imefifia ikawa kama maji ya embe, na jina la khanga limefutika nusu, lakini ukikivuta kitambaa hakilegei. Bibi alikuwa akikipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema tu: "Hii ya kwetu." Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mkulima aliyewahi kuuza pamba, na alijua anachoshika.

Ili upate khanga ile, robota lilifunguliwa, pamba ikapigwa vumbi litoke, ikachanwa ikawa kama utepe wa moshi mweupe, ikasokotwa ikawa uzi. Nyuzi zikapakwa wanga zisikatike, zikapandishwa kwenye mashine za kufuma zilizopiga kelele kiasi kwamba wafanyakazi walizungumza kwa ishara za mikono. Jora likapaushwa, likachapwa rangi moja baada ya nyingine, likakatwa doti. Kazi yote hiyo chini ya paa moja, kwa zamu tatu, usiku na mchana. Karibu watu elfu tatu walipata ajira pale. Wengi wao walikuwa hawajawahi kushika mashine, wakafundishwa na Wachina walioishi kwa unyenyekevu kando yao.

Mwanza nako Mwatex ilijengwa karibu na pamba yenyewe, kwa ufundi wa Wafaransa. Wachambuzi wa uchumi waliviweka viwanda hivi viwili kwenye mizani. Mwatex ilikuwa na mashine za kisasa zaidi na wafanyakazi wachache zaidi, Urafiki ilikuwa na mashine sahili na mikono mingi. Kwa nchi iliyokuwa na watu wengi na mafundi wachache, naona wa Ubungo walichagua vizuri. Mashine sahili hutengenezeka na fundi wa hapa, ilhali ya kisasa humngoja mtaalamu apande ndege.

Miaka ile ilikuwa ya matumaini ya kweli, na sipendi wanaoisimulia kama kwamba yote yalikuwa ndoto. Bwawa la Hale lilizalisha umeme tangu 1964. Saruji ya Wazo Hill ilianza kutoka 1966. Mwaka 1970 Ubungo kukawa na kiwanda cha zana za kilimo, na jembe, chombo ambacho kila kaya hununua, likawa letu. Arusha kulikuwa na matairi tangu 1971. Mwalimu alipotoa taarifa ya miaka kumi ya Uhuru mwaka huohuo, alikuwa na vitu vya kuonyesha vinavyoshikika kwa mkono.

Vilivyokaukia mlangoni, 1974 hadi 1985

Kisha mambo yakafuatana kama siafu. Bei ya mafuta ilipanda 1973. Ukame wa 1974 ulitulazimisha kununua chakula nje. Vijiji vilihamishwa, na mkulima aliyehamishwa mbali na shamba lake la zamani alihitaji misimu kadhaa kulizoea jipya. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi mazao kwa mamlaka za serikali. Chama kile kilichozaliwa kwenye mizani kikafutwa kwa tangazo. Mimi nalihesabu hili kosa kubwa kuliko mengine yote katika hadithi ya pamba, kubwa kuliko kosa lolote la kiwandani, kwa sababu lilimrudisha mkulima alikokuwa kabla ya Bomani: anapimiwa, anasubiri malipo, hana wa kumuuliza. Malipo yalichelewa, akapunguza shamba au akalima kitu kingine.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, kiwanda cha sukari cha huko kikaharibiwa, na vita ikala fedha za kigeni zilizokuwa zimebaki. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba kiwanda cha nguo hakiendi kwa pamba peke yake. Rangi zilitoka nje. Dawa za kupaushia zilitoka nje. Mkanda wa mashine ukikatika, wa kubadilisha ulitoka nje, na dizeli pia. Pamba ililundikana mlangoni, lakini ili kuigeuza khanga tulihitaji dola, na dola zilitokana na kuuza pamba ileile ikiwa ghafi. Pamba ilipopungua, dola zikapungua, rangi ikakosekana, mashine ikasimama, mkulima akakosa hata kitambaa cha kununua kwa fedha aliyolipwa, akaona hakuna haja ya kulima zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vyetu vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake.

Na katikati ya ukata huo tuliendelea kujenga. Mpango wa viwanda vya msingi wa 1975 ulilenga miaka ishirini, na mikopo ilipatikana kwa urahisi, hasa ya Benki ya Dunia. Musoma ikapata kiwanda cha nguo cha Mutex. Kusini tulijengewa viwanda vya kubangua korosho wakati zao lenyewe lilikuwa linaporomoka, kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 miaka kumi na mitatu baadaye. Vingi vilisimama bila kubangua chochote cha maana.

Morogoro ndiko ninakoumia zaidi. Kilijengwa kiwanda cha viatu chenye uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Jengo lilikuwa la kuta za bati la alumini, lisilopitisha hewa, katika mji unaojulikana kwa joto. Ngozi tulikuwa nayo, ng'ombe tulikuwa nao. Hakuna mwaka ambao kilizalisha zaidi ya sehemu ndogo ya uwezo huo, na mwaka 1990 kikafungwa. Ukiuliza ni nani aliyemuuliza fundi viatu wa Mji Mpya kama kiwanda kile kinafaa, hupati jina.

Watu wa rika langu wanaikumbuka miaka hiyo kwa foleni. Duka la kaya likipata nguo, habari inafika kabla ya lori. Mgao ulikuwa kwa orodha ya mjumbe wa nyumba kumi, na ukikosa, kuna mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, na wengine wakatupa mali mitoni usiku. Lakini hata ungewakamata walanguzi wote, rangi ya khanga isingepatikana kwa msako.

Ruksa, 1984 hadi 2015

Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha za kigeni zake alete bidhaa bila kuulizwa sana. Mwaka uliofuata Mwalimu aling'atuka, Rais Ali Hassan Mwinyi akashika, na 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakatiwa saini. Maduka yakajaa. Nisiwe mwizi wa fadhila: baada ya miaka ya kuvaa viraka, watu walistahili kupumua.

Kilichojaa hasa kilikuwa mitumba. Watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini mwenyewe amekufa ndipo shati likauzwa. Lilikuwa shati zuri, la bei ya chini kuliko jora jipya, na mama mwenye watoto watano hakuwa na sababu ya kusita. Kiwanda kilichochoka, chenye madeni, umeme wa mgao na mashine za miaka ishirini, kiliwekwa ulingoni siku hiyohiyo na nguo iliyotolewa bure huko ilikotoka. Mwatex ikasimama, Mutex ikasimama. Ubinafsishaji ulipokuja miaka ya 1990, bia na sigara zilipata wanunuzi haraka, maana faida ilionekana. Urafiki ilipata ubia mwaka 1997, kampuni ya Kichina ikiwa na asilimia 51 na serikali 49, lakini haikuurudia ukubwa wake wa kwanza.

Pamba yenyewe ilirudi. Soko lilifunguliwa 1994, wanunuzi binafsi wakaingia, na msimu wa 2005/06 ukavunja rekodi. Sehemu kubwa iliendelea kusafirishwa ikiwa ghafi. Arusha, wakati huohuo, kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya mbu, kikawa miongoni mwa vikubwa barani. Mamilioni ya watoto wamelala chini ya vyandarua vilivyotengenezwa Tanzania, ingawa nyuzi zake ni za plastiki wala si za pamba.

Desemba 9, 2011 nchi ilitimiza nusu karne kwa kaulimbiu ya "Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele". Miaka minne baadaye Rais John Magufuli, akiwa na wiki chache tu Ikulu, alifuta gwaride la Uhuru, akawataka watu washike mafagio wasafishe mitaa yao, na fedha za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Wengine walikosa ndege za kivita na halaiki. Mimi nilifagia na majirani.

Desemba ya sasa

Kauli ya Tanzania ya viwanda ilirudi kwa nguvu tangu 2015, na tofauti na miaka ya 1970, safari hii umeme unatangulia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi 2024. Reli ya kisasa inafuata njia ileile ya kuelekea ziwa ambayo robota limeipita kwa karibu karne nzima.

Kwenye nguo, jaribio kubwa lilikuwa la pamoja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa, walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya kuingiza bidhaa kwenye soko lake. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Aliyesoma habari ya kamba za mkonge za Tanga hakuhitaji kusimuliwa mara mbili.

Ukipanda basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam kutoka Kimara kwenda Kariakoo, kuna kituo kinaitwa Urafiki. Sauti ya mashine hukitaja kwa upole, milango hufunguka, wanafunzi hushuka. Vituo viwili mbele ni Manzese, ambako mashati yametundikwa kwenye kamba kuanzia alfajiri na muuzaji anakuita kwa jina la kaka au dada. Nimewahi kununua pale shati la pamba tupu, laini, la bluu. Nililigeuza ndani nikasoma lebo, nikaona nchi lilikoshonewa. Pamba ilikolimwa haikuandikwa.

Kanda ya Ziwa hupanda pamba kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, mvua zikishakolea. Kwa hiyo sikukuu ya Uhuru huwakuta wakulima wa Simiyu na Shinyanga shambani. Mwaka jana nilikuwa Maswa siku hiyo. Redio ndogo ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa mwarobaini ikitoa nyimbo za taifa na hotuba, na mama mmoja wa umri wa bibi yangu alikuwa akiinama mstari kwa mstari, akidondosha mbegu chache kila shimo na kufukia kwa kisigino. Kiunoni alikuwa amefunga khanga. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa nisome ukingo wake.

"Soma tu, mwanangu," alisema, akaendelea kufukia. "Ukimaliza uchukue ule mfuko wa mbegu, unisaidie mstari wa pili kabla mvua haijaja."